Maneno ya Wimbo wa Daraja Yamekwenda Wapi

Nyumbani, 2 Machi

Mwanangu Kasuku,

Nakusalimu mimi mama yako, na mkono huu umetoka sasa hivi kwenye maji ya kufulia, kwa hiyo karatasi ikiwa imejikunja usije ukasema nimelia. Bibi yako anakusalimu. Jino bado linamsumbua na bado hataki ling'olewe, anasema amekaa nalo muda mrefu kuliko alivyokaa na babu yako. Dada yako mkubwa anakusalimu kutoka saluni, anasimama kutwa miguu imekuwa kama mito. Watoto wake pacha wanakusalimu, mmoja alivunja kikombe akachapwa mwenzake, ukweli tumeujua kofi limeshalia. Shangazi yako anakusalimu, yule aliyekuja kupumzika siku mbili tatu, sanduku lake liko chini ya kitanda changu na ugomvi na mumewe uko palepale. Mbwa mzima. Baba yako naye yupo. Nitafika kwake.

Sisi ndio hao. Wasiwasi uko kwako.

Mwanangu, simu hupigi kwa nini? Ukipiga unasema, "Halo Mama, mzima, haya," halafu kimya, halafu eti mtandao mbaya, umekata. Mtandao gani huo unaoharibika kila ukifika sentensi ya pili? Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeishia darasa la nne na hata hilo la nne sikulimaliza. Jirani yetu mama wa vitambaa anakuja huko kila wiki, mara nyingine mara mbili, kuchukua mzigo wa duka, nimemwambia yeye ndiye posta yangu.

Sasa sikiliza. Ule wimbo mliorekodi na kikundi chako umefika, umo kwenye simu ya dada yako. Tulikaa wote sebuleni. Baba yako alizima mashine ya kuchomelea, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akavaa shati la vifungo. Kwa sababu ulisema mtaimba Wimbo wa Daraja, na unajua ule wimbo ni nini kwake. Pale karakana, roki ndiyo muziki pekee unaoshinda kelele za vyuma, ndivyo alivyoupendea. Na wimbo huo ndio aliokuwa akija kuupigia makelele chini ya dirisha letu mpaka baba yangu akasema, "Mchukue huyu, tulale." Kiingereza hatujui, si yeye si mimi. Lakini maneno ya ule wimbo tunayajua yote, kila moja liko mahali pake kama vyombo vya jikoni kwangu, hata taa ikizimika nanyoosha mkono nashika sufuria. Na wewe uliyajua kabla hujajua kufunga viatu. Si ndipo tulipokupa jina la Kasuku?

Basi wimbo ukaanza. Piano ikapiga kidogo, ikanyamaza, ikapiga tena, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Yule wa gitaa kubwa la kusimama akawa anatembea tu, dum, dum, dum. Wa ngoma hapigi, anafagia. Halafu ikaja sauti yako. Sauti ni yako, nimeijua. Maneno sasa! Da-ba-du, wi-ya-wi, la-la. Nikasema ngoja ataanza. Mpaka mwisho, hakuna neno hata moja. Pale pale ambapo, tulivyowahi kuambiwa, yule mwanamume amesimama darajani anamwita mke wake kwa jina, wewe umesema "dau-dau."

Shangazi akasema hiyo ndiyo jazi. Mimi jazi ninayoijua ni ya dansi, watu wanainuka viti vinabaki peke yavyo. Humu nimesikia mtu anakohoa. Bibi akauliza kama umeng'olewa jino. Baba yako hakuuliza. Aliinuka, akavua lile shati, akasema, "Ameutafuna wimbo wangu akautema," akarudi karakana. Tangu hapo ukitajwa mezani yeye anauliza chumvi iko wapi, na chumvi iko mbele yake.

Mimi sielewi, mama. Umetukasirikia? Kama ni lile alilosema kwamba muziki si kazi, alilisema akiwa na njaa. Au huko ndivyo inavyoimbwa na sisi ndio washamba? Niambie tu, sitakasirika.

Ni mimi mama yako.


Mjini, 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo ya bibi mpelekee na pole ya jino. Mwambie dada aweke miguu kwenye maji ya chumvi. Mwambie shangazi asirudi kabla hajafuatwa.

Mama, mimi nikukasirikie wewe? Nimkasirikie baba? Hakuna kitu kama hicho. Hii ndiyo kazi yetu. Tuko wanne tu: mpiga piano ambaye ndiye kiongozi, wa gitaa kubwa, wa ngoma, na mimi. Tunachukua nyimbo za zamani za roki, zile za makelele za baba, tunazivua makoti yake tuone ndani kuna nini. Tunaanza na wimbo wenyewe, halafu mmoja mmoja anaondoka kwenye wimbo anakwenda kuzurura, wenzake wanamshikia mlango, halafu anarudi. Huko kuzurura ndiko kwenyewe. Si kumcheka mtu. Mwambie baba hivyo.

Na haya ya kuimba bila maneno hayakupangwa. Yalitokea siku moja jukwaani, katikati ya Wimbo wa Daraja. Nilifungua mdomo kikatoka hicho ulichokisikia. Watu walisimama, Mama. Mpiga piano alinishika mikono baadaye akasema toka aanze kupiga hajasikia mtu anayeimba kama anapapasa gizani. Akafuta maneno kwenye nyimbo zetu zote. Sasa watu wanakuja kwa ajili ya hilo, na mwisho wa Aprili tuna onyesho katika ukumbi mkubwa kuliko zote tulizowahi kupiga. Kwa hiyo msiwe na wasiwasi, mambo ni mazuri sana.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilipoteza kile cha kufungulia mlango, ikabidi nikakae kwa mpiga ngoma na mkewe. Mvua huku ni nyingi, na cha kujifunika mvua nacho nilikisahau sijui wapi. Mama wa vitambaa nimempa mfuko, ndani kuna kitambaa laini bibi afunge shavu, na zile za pacha za kuvaa miguuni, za ndani, kabla ya viatu.

Simu ni mtandao tu.

Binti yako,
Kasuku


Nyumbani, 16 Machi

Mwanangu,

Mzigo umefika, asante. Bibi amefunga shavu anafanana na sungura na hataki kukivua. Pacha wamevaa soksi zao wanateleza nazo sakafuni. Zinaitwa soksi, mwanangu. Na cha mlango ni ufunguo, na cha mvua ni mwavuli. Au huko mjini vimebadilishwa majina?

Nilisoma barua kwa sauti wote wanasikia, tukacheka. Dada yako akasema, "Huyu amekuwa msanii mpaka ufunguo unamshinda." Mimi nikajiuliza, kumbe hii nayo ndiyo jazi? Mnavua nyimbo maneno, na vitu navyo mnavivua majina? Nikamwuliza shangazi anayejifanya anajua, akasema, "Inawezekana." Inawezekana! Yule ukimwuliza kama kuku ananyonyesha atasema inawezekana.

Kuhusu baba yako, nilimweleza yale ya kuzurura na kurudi. Alikuwa ananoa patasi. Akasema, "Mtu akienda kuzurura anaaga."

Sasa nilikuwa nifunge barua hapa, lakini mama wa vitambaa amekuja kunywa chai. Alianza kwa kukusifu, mara akabaki anakoroga chai. Nikamwambia, sema, chai yangu si ya bure. Akasema mlipokaa pamoja ulishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelala mapajani, ulipotaka kuchukua kijiko kikakuponyoka, ukajifanya umekitupa makusudi. Akasema kila mara unajishika kichwa hapa juu ya sikio. Halafu akasema ulimtazama muda mrefu, ukamwita, "Mama wa... mama wa..." ukaishia hapo, ukacheka. Wewe, Kasuku, uliyekulia chini ya meza yake ya kukatia vitambaa ukicheza na vifungo.

Hapo hatukucheka tena.

Nakuuliza swali moja, na usinijibu kwa mambo ya sanaa maana hayo siyajui. Unaimba bila maneno kwa kupenda, au maneno hayaji?

Mama.


Mjini, 19 Machi

Mama,

Hayaji.

Nimeandika barua hii mara nyingi nikachana. Nikikaa kimya na kalamu yanakuja moja moja, ndiyo maana naandika na simu siishiki. Kwenye simu hakuna kusubiri. Naona kitu, nakijua kabisa, najua kinafanya nini, nimekishika, na jina lake linakimbia kama panya mtu akiwasha taa.

Mwezi wa kwanza, kwenye mazoezi, stendi ya spika iliniangukia kichwani. Haikutoa damu. Tulicheka wote, mpiga ngoma alisema imenipiga kwa mdundo mzuri. Nikameza dawa ya kichwa nikaendelea. Kichwa kikauma, kikaacha, kikarudi. Baadaye ndipo ikaja ile siku ya jukwaani. Mama, sikuwa nazurura. Nilifungua mdomo niimbe maneno ya baba, nikakuta hamna. Nikaogopa nikapiga kelele kwa sauti nzuri, basi. Watu wakasimama.

Usimwambie mtu. Nakuomba. Siku zote nilikuwa mwimbaji wa kawaida, wa kuitikia nyuma ya wengine. Sasa wanakuja kunisikiliza mimi, na wanachokuja kusikiliza ni hiki ambacho siwezi. Nikienda hospitali wakanitibu, nitaimba nini? Na nikienda wakasema hakitibiki? Acha onyesho lipite. Baada ya hapo nitakwenda, naapa.

Samahani mwandiko. Mkono umechoka.

K.


Nyumbani, 21 Machi

Kwa mpiga piano, kiongozi wa kikundi cha binti yangu,

Mwanangu, hujambo. Mimi hunijui nami sikujui, ila aliyekulea amefanya kazi, maana binti yangu anakutaja kwa heshima. Nisamehe mwandiko na nisamehe kama kuna mahali nitakosa adabu.

Anayekupa barua hii ni mume wangu, baba yake Kasuku. Usiogope uso wake, ni wa moto wa kuchomelea, moyoni si hivyo. Hakupangiwa kuja. Nilikuwa ninamsomea barua ya mtoto, binti kaniomba nisimwambie mtu lakini baba si mtu, baba ni baba, na kabla sijafika mwisho nikamwona anatafuta lile shati la vifungo. Nikamwambia ngoja nikuandikie, wewe ukifika utanuna tu hutaeleza. Yuko mlangoni ananisubiri na mama wa vitambaa anaita, kwa hiyo nasema haraka.

Binti yangu anaumwa. Nyie mnapiga makofi na mtoto anaumwa. Sisemi mna roho mbaya. Mimi mwenyewe nimesikiliza ule wimbo nikadhani ni jazi, kisha nikadhani ni jeuri, na nilimzaa mimi. Wewe utajuaje?

Naomba jambo moja tu dogo. Mwambie akuimbie Wimbo wa Daraja na maneno yake. Si jukwaani, hapo hapo mnapofanyia mazoezi, mchana, mkiwa mmekaa. Kama anaweza, niandikie kwamba mimi ni mama mwenye wasiwasi wa bure, nitaomba radhi kwa kila mmoja wenu. Kama hawezi, msingoje onyesho, msingoje kesho. Mshikeni mkono mmoja na baba yake mwingine mwende hospitali.

Mimi mama yake.


Mjini, 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Naanza na lile unalotaka kujua: yuko hai, amefanyiwa upasuaji, ameamka. Mzee yuko kando ya kitanda chake, amekataa kiti, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Manesi wamechoka kumwondoa.

Mengine naandika nikiwa sijui nianzie wapi. Mimi huwa najua wimbo unaanzia wapi.

Mzee aliingia tukiwa katikati ya mazoezi. Alinipa barua yako, akakaa. Nitakwambia ukweli, niliisoma nikatabasamu. Nikasema moyoni, wazee hawa, muziki mpya umewachanganya. Nilikuwa nimeshaanza kutunga jibu zuri la kukutuliza. Kasuku alipomwona baba yake alisimama kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni.

Mzee hakunisubiri. Aliimba yeye. Hajui kuimba, Mama, wewe unajua. Aliimba mstari wa kwanza wa Wimbo wa Daraja kwa sauti ya karakana, kisha akanyamaza akamtazama mwanawe, kama mtu anayemrushia mtoto mpira na kungoja urudi. Nadhani ndivyo alivyomfundisha utotoni. Kasuku akafungua mdomo. Ikatoka ile yetu, "da-ba." Mzee akasema taratibu, "Hapana mama. Sema na baba." Akauimba tena mstari ule ule. Kasuku akamtazama midomo. Akajaribu. Machozi yakaanza kumtoka na neno halikuja, na mpiga ngoma, ambaye hajawahi kukaa bila kugonga kitu, aliweka vijiti chini.

Mzee akageuka kwangu. Akaniuliza, "Na wewe kinanda chako kilikuwa kinasikia nini siku zote hizi?"

Nilidhani anaondoka kwenye wimbo kwa kutaka. Kumbe alikuwa amefungiwa nje, na sisi tulikuwa tunafuatisha kwa nyuma, tena kwa ustadi.

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Daktari alituonyesha. Damu ilikuwa ikivuja kidogo kidogo chini ya fuvu, upande wa kushoto, toka siku ya ile stendi, ikawa inaubana ubongo mahali pa maneno na pa mkono wa kulia. Walitoboa, wakaitoa. Daktari alisema kingine kilichonichanganya: mara nyingi watu wa namna hii nyimbo ndizo hubaki wakati maneno ya kawaida yamepotea. Kwa Kasuku zilitangulia kuondoka. Akasema hajui kwa nini. Alisema pia kwamba onyesho la mwisho wa Aprili lingemkuta amelala chini ya udongo.

Onyesho nimelifuta. Wenye ukumbi wamenitukana.

Nisamehe, Mama. Wasiwasi wako haukuwa wa bure.

Mpiga piano


Nyumbani, 28 Machi

Mwanangu mpiga piano,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha dada yake akanisomea tena maana nilidhani nimeruka mahali. Bibi alikuwa anauliza, "Ameamka? Ameamka?" na tumeshamjibu. Shangazi mtu amelia mpaka mbwa akatoka nje.

Radhi yako nimeipokea, iweke chini usiendelee kuibeba. Nimekuwekea kitu kwa mama wa vitambaa, sweta, ni la mume wangu lakini halimtoshi tena. Vaa, hospitali zina baridi.

Mume wangu mrudishe nyumbani binti akianza kula vizuri, na hiyo ndoo mrudishieni mwenyewe. Na mtoto akiweza kusema, mwambie aseme nawe uandike. Usitengeneze. Neno likitoka bovu liandike bovu, nataka kuona ni mangapi yamerudi.

Mama.


Mjini, 10 Aprili

Mama,

Anaandika mpiga piano lakini anayesema ni mimi. Amesema hatatengeneza.

Niko kwa mpiga ngoma na mkewe, wamenipa chumba cha dirisha. Nimenyolewa nusu ya kichwa. Nesi alikuwa ananionyesha picha kila asubuhi. Kikombe nilisema kikombe. Saa nilisema saa. Ufunguo nilisema mlango mdogo, akacheka, nikasema ufunguo. Bandeji naiita shuka mpaka leo. Daktari nilimwita mjomba mbele ya wanafunzi wake. Lakini yanarudi, Mama, kila siku yanakuja mengine, yanaingia bila kubisha.

Siku moja kabla baba hajaondoka nilikuwa nakunja nguo, na nikasikia mtu anaimba Wimbo wa Daraja na maneno yake yote. Alikuwa mimi. Baba alisimama mlangoni na kiatu kimoja. Hakuimba nami. Alikaa kitandani akashika kile kiatu mpaka nikamaliza, pamoja na lile jina la mke wa yule wa darajani.

Nilitaka nifurahi. Nimefurahi. Ila kuna jambo sijui nimwambie nani.

Juzi walikuja wote watatu na vyombo, tukajaribu pole pole. Niliimba na maneno. Yalikuwa sawa. Mpiga piano alisema, "Vizuri," na najua vizuri yake (mpiga piano hapa: ni kweli, nimeandika kama alivyosema). Halafu nikasema ngoja niimbe ile nyingine, ya da-ba-du, ile watu waliyoipenda. Nikaimba. Mama, ilikuwa mchezo. Nilikuwa najifanya sina maneno huku yamenijaa mdomoni. Tukasikiliza rekodi ya zamani. Yule anayeimba mle simjui. Anaimba kuliko mimi.

Daktari anasema nimepona vizuri. Sasa mbona kama kuna mtu tumemzika? Wenye ukumbi wanataka tupange siku nyingine, na wanataka ile, si hii. Mpiga piano anasema niamue mimi. Wa ngoma anasema niamue mimi. Baba nilimwuliza kwenye kituo cha basi, akasema chumvi ya huku haikolei.

Wewe unasemaje?

Kasuku


Nyumbani, 13 Aprili

Mwanangu Kasuku,

Bibi yako anakusalimu, jino limeanguka lenyewe akila, amelifunga kwenye kile kitambaa chako na anamwonyesha kila anayepita. Dada yako anasema nywele zikiota uje akutengeneze, asikuguse mtu mwingine. Pacha wanaulizia kama kichwa chako kina tundu na kama kidole kinaingia. Mume wa shangazi alikuja kumfuata, wakakaa sebuleni wakanywa chai kama wageni, akaondoka peke yake. Hatujui maana yake. Yeye mwenyewe shangazi hajui.

Baba yako amefika salama. Na hapa sasa ndipo ninapochanganyikiwa, maana nilidhani mambo yakiisha yataeleweka.

Tangu arudi, ile rekodi yako ya bila maneno amemwomba dada yako, ameiweka kwenye redio yake ya karakana. Anaipiga asubuhi mpaka jioni. Na huwezi kuisikia, mwanangu, ni ya upole mno kwa kelele zile, kwa hiyo wimbo ukianza anazima mashine, anakaa, ukiisha anawasha. Wateja wanasubiri mageti yao. Nikamwendea nikamwambia, "Wewe si ulisema ameutafuna akautema?" Akasema, "Niache. Namsikiliza mwanangu akipiga hodi."

Mimi siwezi kukaa nayo chumba kimoja. Ikianza natoka nje na beseni hata kama hakuna nguo chafu. Kwa sababu sasa nikifika pale pa jina la yule mke, pale unaposema dau-dau, nasikia kabisa kwamba ulikuwa unatafuta na hakuna aliyekuja kukusaidia. Na shangazi yako, Mungu amsamehe, anasema ni nzuri, anaicheza polepole amefumba macho, peke yake, na juzi nilimkuta analia humo humo anacheza. Wimbo mmoja, nyumba moja. Baba yako anakaa, mimi nakimbia, shangazi anacheza. Nani amesikia sawasawa? Sijui.

Unaniuliza uimbe ipi. Mwanangu, unamwuliza mtu ambaye hata huo wenye maneno hajui unasema nini. Maisha yangu yote nimeimba maneno ya yule mwanamume wa darajani na sijui alimwitia nini mkewe. Labda alikuwa anamfukuza. Kwa hiyo mimi si wa kuniuliza.

Ila hili nalijua. Yule unayesema anaimba kuliko wewe, usimwonee wivu. Mimi ningemtoa huyo na rekodi yake na ukumbi wake na makofi yote ya mjini, nikabaki na huyu anayeita daktari mjomba. Ukiona unamkumbuka, mkumbuke, hata mtu aliyepona mguu huendelea kutafuta fimbo. Lakini usiende kumwamsha kwa ajili ya wenye ukumbi. Wao hawakukuzaa. Na kama siku moja utaimba ile ya kati, isiyo hii wala ile, utajua mwenyewe, nami nitakaa sebuleni niisikilize mpaka mwisho. Najaribu kusema kitu hapa na sijui kama kimetoka.

Sasa mambo yangu. Barua yako nimeisoma yote, maneno ni yako, nimeyajua, hata "mlango mdogo" nimeujua. Lakini mwandiko ni wa mtu. Ni mzuri, umenyooka, herufi zimekaa kama wanafunzi, nampongeza mpiga piano. Mimi siutaki. Nimeishika barua nimeipeleka dirishani nikaigeuza nyuma, nikitafuta mahali ambapo ulishika kalamu wewe, sikupaona. Umeniandikia ya kikombe, umeniandikia ya saa na ya mjomba daktari. Ya mkono wa kulia hukuandika hata mstari mmoja.

Mama wa vitambaa anakuja huko keshokutwa na anarudi siku ya pili yake. Mwambie mpiga piano akae mbali na karatasi. Niandikie wewe, kwa mkono ule ule wa kulia, neno moja tu lolote, likipinda lipinde, likikosa herufi likose. Usingoje wiki, mwanangu. Lete upesi niuone.

Mama yako.